Nani Analipa? Familia, Dhiki na Nafasi ya Pili katika Tamthilia za Kijapani



Nitazungumza juu ya filamu na tamthilia za televisheni za Kijapani, zile zinazohusu familia zilizopasuka, watu waliobanwa na dhiki, na wale wanaojaribu kuanza upya. Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili mnipime nayo mpaka mwisho. Katika kazi bora za aina hii, mtu hajipatii nafasi ya pili kwa jasho lake peke yake. Hupewa na mwenzake, mara nyingi mtu ambaye hakulazimika kumpa chochote, na mtoaji huyo hulipa. Hulipa kwa kazi yake, kwa akiba yake, kwa jina lake, pengine kwa uhuru wake. Ubora wa tamthilia hizi machoni pangu ni kwamba haziifichi gharama hiyo. Zinatuonyesha mlipaji ni nani, amelipa kiasi gani, na nani alipaswa kulipa akakwepa.

Binti wa gunia la mchele

Huwezi kuzielewa tamthilia za Kijapani za leo bila kupitia kwa Oshin. Shirika la utangazaji la umma la Japani, NHK, lilianza kuirusha tamthilia hiyo Aprili 1983, kipindi cha dakika 15 kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na kwa muda wa mwaka mmoja vikafika vipindi 297. Mwandishi wake alikuwa Sugako Hashida. Wastani wa watazamaji ulikuwa asilimia 52.6, na baadaye tamthilia ikasafiri hadi nchi zaidi ya 60.

Oshin ni mtoto wa wakulima wasiomiliki ardhi, katika mkoa wa Yamagata. Angali mdogo anapelekwa kuwa mtumishi wa nyumbani, na ujira wake ni gunia moja la mchele linalokwenda kwa wazazi wake. Mambo yanapomzidi anatoroka. Theluji inamwangusha mlimani, naye anaokotwa na Shunsaku, askari aliyetoroka jeshini. Shunsaku anamtunza majira yote ya baridi, anamfundisha kusoma, anampa kinanda chake cha mdomo. Theluji inapoanza kuyeyuka anamsindikiza ateremke kwao. Askari wanamwona, wanamuua kwa risasi.

Baada ya hapo Oshin anaishi maisha marefu yenye mianzo mingi. Anajifunza ususi wa nywele, anafanya biashara ya nguo Tokyo hadi tetemeko kubwa la 1923 linapomfilisi, anauza samaki, na uzeeni familia yake inamiliki maduka makubwa. Lakini elimu ya kwanza aliyoipata, ile ya kusoma na kuandika, alipewa na mtu aliyelipa kwa uhai wake. Hashida hakuruhusu jambo hilo lisahaulike. Hadithi yenyewe ameianzia mwishoni: ni mwaka 1983, Oshin ni bibi kizee, familia inafungua duka lake la 17, na siku ya ufunguzi bibi haonekani. Amepanda treni kurudi alikotoka, kutafuta ni wapi familia yake ilipopotea njia. Watu wengi duniani walimpenda Oshin kwa uvumilivu wake. Mwandishi alikuwa akiuliza swali gumu zaidi: mtu aliyeinuliwa na wengine, akishafika juu, anawakumbuka waliomwinua?

Oshin wa ujana na utu uzima aliigizwa na Yuko Tanaka. Naomba mlishike jina hilo, kwa sababu mwigizaji huyu atatusindikiza jioni hii. Tutamwona tena akiwa mama aliyemtelekeza binti yake, kisha mama mwingine aliyefanya vivyo hivyo, na mwishowe mkuu wa shule mwenye siri nzito.

Familia ya kwenye daftari

Kabla sijaendelea, lazima nieleze familia ya Kijapani inakaa wapi kisheria. Tangu mwaka 1872 serikali imekuwa ikitunza daftari la familia. Mtu huandikwa humo anapozaliwa, anapooa au kuolewa, anapoachika, anapofariki. Baada ya vita, sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1947 iliyaondoa mamlaka ya mkuu wa ukoo juu ya watu wa nyumba yake, lakini daftari lilibaki. Mume na mke ni lazima watumie jina moja la ukoo. Wazazi wakiachana, kwa miongo mingi sheria ilimpa mmoja tu haki ya ulezi. Ni mwaka 2024 ndipo bunge lilipopitisha marekebisho yanayoruhusu ulezi wa pamoja. Kwa hiyo tamthilia ya Kijapani inapouliza nani ni mama wa mtoto huyu, mtazamaji wa kule anajua kuna karatasi ofisini yenye jibu, na anajua kwamba karatasi hiyo inaweza kuwa sahihi huku mtoto akiteseka.

Jambo la pili ni uchumi. Mapema miaka ya 1990 bei za ardhi na hisa ziliporomoka, na ile ahadi ya kazi ya kudumu kutoka shule hadi kustaafu ikaanza kumomonyoka. Leo zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wa Japani wana ajira zisizo za kudumu: vibarua, kazi za saa, mikataba mifupi. Kati ya familia zenye mzazi mmoja, takwimu za serikali za mwaka 2021 zilionyesha kwamba asilimia 44.5 wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Tunazungumzia moja ya nchi tajiri kabisa duniani.

Na mtu akienda kuomba msaada wa ustawi wa jamii, kwa kawaida ofisi huwaandikia ndugu zake kuwauliza kama wanaweza kumsaidia. Hebu jiwekeni katika nafasi yake. Hujasema na mama yako kwa miaka, au umetoka gerezani. Barua ya serikali inakwenda kugonga mlango ule ule uliofungwa. Wengi huona afadhali njaa. Waandishi wa tamthilia wameuchungulia mlango huo wakaona hadithi zimejaa nyuma yake.

Mama wawili wa Yuji Sakamoto

Mwaka 2010 kituo cha Nippon TV kilirusha tamthilia iitwayo Mother, iliyoandikwa na Yuji Sakamoto. Nao, mwanamke mkimya mtafiti wa ndege, anafundisha kwa muda shule ya msingi katika mji wa Muroran, kaskazini mwa nchi. Mmoja wa wanafunzi wake anateswa nyumbani. Usiku mmoja wa baridi anamkuta mtoto huyo amefungwa ndani ya mfuko wa taka na kuachwa nje. Mwalimu anamchukua, anampa jina jipya, anakimbia naye. Kwa sheria, amemteka nyara mtoto wa watu.

Sakamoto angeweza kuifanya hadithi hii iwe nyepesi kwa kumpa mwalimu ushindi. Hakufanya hivyo. Nao anakamatwa, anashtakiwa, anahukumiwa kifungo ambacho mahakama inakiahirisha. Mtoto anapelekwa kwenye makao ya watoto. Wanaachana wakijua kwamba huenda miaka mingi itapita kabla ya kuonana tena. Nafasi ya pili ambayo mtoto ameipata ni kubaki hai na kujua kwamba aliwahi kupendwa. Mwalimu ameilipia kwa jina lake na kwa mtoto mwenyewe.

Katikati ya mbio hizo anatokea mwanamke wa makamo anayemzoea mtoto taratibu, anayecheza naye na kumfundisha hiki na kile. Huyo ni Hana, mama mzazi wa Nao, aliyemwacha Nao alipokuwa mdogo. Anaugua ugonjwa ambao hautapona. Anaigizwa na Yuko Tanaka. Hana haombi asamehewe. Anachofanya ni kutoa alichonacho na siku zilizobaki, ili binti yake aweze kuwa mama kwa mtoto ambaye si wake. Yule aliyeshindwa ulezi wa kwanza anamsaidia mwingine afanikiwe. Mimi naiona hii kuwa moja ya picha za toba zenye ukweli mkubwa kabisa katika televisheni, kwa sababu toba hapa imekuwa kazi ya mikono, siku kwa siku, wala hakuna hotuba yoyote.

Miaka mitatu baadaye Sakamoto aliandika Woman. Koharu, anayeigizwa na Hikari Mitsushima, ni mjane mwenye watoto wawili wadogo. Anafanya kazi zaidi ya moja na bado hazitoshi. Dhiki inamrudisha kwa mama yake, Sachi, aliyeondoka nyumbani Koharu akiwa mtoto na kujenga familia nyingine. Sachi naye anaigizwa na Yuko Tanaka, safari hii mkavu, mwenye maneno ya kuchoma, mama anayempikia binti yake chakula huku akimwambia mambo ambayo huwezi kumwambia mgeni. Koharu anagundulika ana ugonjwa wa damu unaohitaji kupandikizwa uboho. Na mwenye uboho unaolingana naye anaonekana kuwa Shiori, mdogo wake kwa upande wa mama, msichana ambaye uongo wake ndio uliochangia kifo cha mume wa Koharu.

Angalieni fundo alilolifunga mwandishi. Shiori hawezi kumrudisha marehemu. Koharu hawezi kujilazimisha kumsamehe. Lakini watoto wawili wanahitaji mama. Hapo swali la nani anastahili linakosa nguvu, linabaki swali la nani anaweza kutoa. Na anayetoa uboho, kwa kutoa, naye anapata mahali pa kuanzia.

Kuzaa na kulea

Sisi tuna methali: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwongozaji Hirokazu Kore-eda, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1962 na aliyeanzia kwenye filamu za makala za televisheni, ameitumikia fikra kama hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Filamu yake Soshite Chichi ni Naru, iliyopata Tuzo ya Majaji katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2013, inasimulia familia mbili zinazoambiwa kwamba watoto wao wa kiume wa miaka sita walibadilishwa hospitalini siku walipozaliwa. Ryota, msanifu majengo mwenye mafanikio, anaamini damu itatatua kila kitu. Wanabadilishana watoto, na damu haitatui.

Kuna tukio fupi humo ambalo halinitoki akilini. Muuguzi aliyewabadilisha watoto alifanya hivyo makusudi, kwa wivu, wakati yeye mwenyewe alikuwa akihangaika kulea watoto wa kambo. Ryota anakwenda mlangoni kwake kumrudishia pesa alizotuma na kumtolea hasira zake. Wakiwa wanazungumza, kijana anatoka ndani na kusimama kati yao. Ni mtoto wa kambo wa muuguzi. Ryota anamwambia jambo hili halimhusu. Kijana anajibu kwamba linamhusu, maana huyu ni mama yake. Ryota anakosa la kusema. Yule aliyeivunja familia yake amekuwa mama kamili wa mtoto asiyemzaa, na mtoto huyo yuko tayari kupigwa kwa ajili yake. Ryota, mwenye damu na mwenye daftari, hajawahi kusimama hivyo kwa ajili ya yeyote.

Mwaka 2018 Kore-eda alishinda tuzo kuu ya Cannes, Palme d'Or, kwa filamu Manbiki Kazoku, inayofahamika nje ya Japani kwa jina la Shoplifters. Watu watano wanaishi katika nyumba kuukuu iliyobanwa kati ya majengo ya Tokyo. Bibi ana pensheni, Osamu ni kibarua wa ujenzi, Nobuyo anafanya kazi katika kiwanda cha kufua nguo, na pale fedha zinapopungua wanaiba madukani. Usiku wa baridi wanamkuta msichana mdogo nje kwenye roshani ya kwao, ana makovu. Wanamlisha. Wanapompeleka kumrudisha wanasikia ugomvi ndani ya nyumba yake, Nobuyo anageuka naye.

Sasa angalieni malipo. Kiwandani meneja anawaita Nobuyo na mwenzake, anawaambia mmoja wao lazima aache kazi, na waamue wenyewe ni nani. Mwenzake amemwona msichana kwenye taarifa ya habari. Anaweka sharti: uache wewe, nami nitanyamaza. Nobuyo anaacha. Baadaye mambo yote yanapofichuka anabeba makosa yote peke yake, kwa sababu Osamu ana rekodi ya kifungo na angeumia zaidi. Na akiwa gerezani anamwita Shota, mvulana aliyemlea tangu udogo, anamweleza walimwokota wapi, kwenye gari la aina gani, lenye namba za wapi, ili akitaka awatafute wazazi wake. Amekwisha kutoa kazi na uhuru. Hapo anatoa kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani haki ya kuitwa mama.

Tukio la mahojiano polisi ni la kutazamwa na kila mwanafunzi wa uigizaji. Kamera inamtazama Nobuyo usoni. Afisa anamuuliza watoto walikuwa wakimwitaje. Mwigizaji Sakura Ando hakuambiwa mapema ataulizwa nini. Mwongozaji alikuwa akimwandikia maswali muulizaji papo hapo. Nobuyo hajibu. Machozi yanatoka, anayafuta kwa kiganja, anazirudisha nywele nyuma, anafuta tena, kama mtu anayejaribu kunawa uso bila maji. Sheria imeuliza swali halali kabisa. Jibu halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Aliyetoka gerezani

Mwongozaji Miwa Nishikawa alifanya kazi chini ya Kore-eda kabla ya kutengeneza filamu zake. Mwaka 2020 alionyesha Subarashiki Sekai, yenye msingi katika riwaya ya Ryuzo Saki. Koji Yakusho ni Mikami, mtu wa magenge aliyemaliza kifungo cha miaka 13 kwa kosa la kuua. Anatoka na hasira za haraka, presha ya damu, na leseni ya udereva iliyokwisha muda. Nusu ya filamu ni mambo madogo ya namna hii: kutafuta chumba, kwenda ofisi ya ustawi, kufeli mtihani wa kuendesha gari, kushukiwa wizi dukani.

Wanaomsaidia ni watu wachache wa kawaida. Wakili na mkewe wanamdhamini. Meneja wa duka aliyemshuku anakuja kuwa rafiki. Ofisa wa ustawi anaacha kumwona kama faili. Kila mmoja anatoa kidogo, na wote wanampa onyo moja: vumilia, usijibu, angalia pembeni. Mikami anapata kazi katika makao ya kutunza wazee. Huko anaona wafanyakazi wenzake wakimdhihaki kijana mwenye ulemavu anayefanya kazi pamoja nao. Mikami wa zamani angewarukia. Mikami mpya anameza, na hata anaungana nao kucheka.

Nishikawa anatuacha na swali zito. Jamii imempa mtu huyu mahali, na kodi ya mahali hapo ni kukubali uonevu anaofanyiwa mtu mwingine. Je, huko ndiko kurekebika? Filamu haimhukumu Mikami. Inatugeukia sisi tuliopanga bei hiyo.

Japani ina utaratibu wake wa kuwapokea waliotoka gerezani. Tangu mwaka 1950 kuna sheria inayowatambua walezi wa kujitolea, raia wa kawaida, zaidi ya 40,000, wanaokutana mara kwa mara na walioachiwa kwa masharti na kuwasikiliza, mara nyingi nyumbani kwao wenyewe. Hawalipwi mshahara. Tamthilia Zenkamono ya mwaka 2021, na filamu yake iliyofuata mwaka 2022, inamfuata mmoja wa walezi hawa, msichana anayeigizwa na Kasumi Arimura, ambaye riziki yake inatokana na kazi ya dukani. Wapo wanaodhani hadithi kama hiyo ni tamu kupita kiasi. Lakini Mei 2024, katika mji wa Otsu, mlezi mmoja wa kujitolea aliuawa, na aliyekamatwa ni mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Nchi nzima ilishtuka. Nalitaja tukio hilo kwa heshima, kwa sababu ninaposema mtoaji hulipa, sisemi juu ya hadithi tu.

Kwa nini zinatufikia

Sasa kuhusu ufundi. Tamthilia ya jioni ya Kijapani kwa kawaida hudumu miezi mitatu, kipindi kimoja kwa wiki, vipindi kama kumi au kumi na kimoja, na mara nyingi mwandishi ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mother na Woman zote zina vipindi 11. Ufupi huo una faida ya kimaadili. Mwandishi anajua tangu siku ya kwanza kwamba hadithi itakwisha, kwa hiyo hawezi kumfufua aliyekufa wala kuahirisha matokeo ya uamuzi hadi msimu wa tano. Deni likikopwa kipindi cha pili, litadaiwa kabla ya cha kumi na moja.

Faida nyingine ni imani katika vitu. Katika Kita no Kuni kara, tamthilia ya So Kuramoto iliyoanza mwaka 1981 na kuendelea kwa vipindi maalumu hadi 2002, baba aitwaye Goro anarudi na watoto wake wawili kijijini kwao karibu na Furano, baada ya ndoa kuvunjika. Wanaanza maisha katika kibanda kisicho na umeme wala maji ya bomba. Katika kipindi maalumu cha mwaka 1987, mwanawe Jun anaondoka kwenda Tokyo kwa lifti ya lori. Dereva anamwonyesha bahasha: baba yako alinipa nauli, lakini siwezi kuichukua. Ndani mna noti mbili za yen 10,000, nazo zina tope la vidole vya Goro. Dereva anamtaka azitunze maisha yake yote. Jun anazishika, analia. Hakuna mtu aliyehutubia juu ya kujitoa kwa mzazi. Noti zimesema, na mtazamaji aliyewahi kupokea nauli kutoka kwa mzazi asiye na kitu hahitaji kutafsiriwa.

Pingamizi, na mkuu wa shule

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Mtu atasema: tamthilia hizi zinawasifu maskini kwa kubebana, na kwa kufanya hivyo zinaiondolea serikali lawama. Watazamaji wakishajifunza kulia kwa ajili ya Nobuyo, nani atadai pesa za ustawi wa jamii?

Ningekubali kama zingeishia kwenye machozi. Lakini tazameni mwisho wa Manbiki Kazoku. Dola inaingia, inafanya kila kitu kwa mujibu wa sheria, na inamrudisha msichana kwa wazazi wale wale waliomwacha kwenye baridi. Filamu inatamka waziwazi nani hakutimiza wajibu wake. Na baada ya ushindi wa Cannes, waziri mmoja alipotaka kumpongeza rasmi, Kore-eda alikataa, akieleza kwamba anataka kukaa mbali na mamlaka ya umma. Alishambuliwa kwa hilo, kwa kuwa filamu ilikuwa imepata ruzuku ya serikali. Msimamo wake ulikuwa kwamba fedha za utamaduni ni za wananchi, na haziwi kitanzi cha kumfunga msanii mdomo.

Jibu kamili zaidi liko katika filamu yake Kaibutsu ya mwaka 2023, iliyoandikwa na Yuji Sakamoto na kupata tuzo ya mswada bora wa filamu huko Cannes. Mwalimu kijana, Hori, anatuhumiwa kumdhulumu mwanafunzi. Mkuu wa shule anajua mambo si sahili hivyo, lakini ili shule isichafuke anamlazimisha aombe radhi, na kijana anapoteza kazi na jina. Mkuu huyo ni Yuko Tanaka. Mjukuu wake amekufa kwa ajali ya gari nyumbani, mumewe yuko jela kwa kosa hilo, na kuna fununu kwamba aliyekuwa akiendesha ni yeye.

Hapa Sakamoto ameipindua sarafu aliyoitumia miaka 13 kabla. Hana wa Mother alijitoa mwenyewe. Mkuu wa shule anawatoa wengine. Wakati mtu au taasisi inajinunulia usalama, gharama haipotei. Inahamishiwa kwa mdogo asiye na sauti. Hilo ndilo jibu kwa wenye pingamizi: tamthilia hizi zinatofautisha barabara kati ya anayelipa kwa hiari na anayelipishwa.

Hata hivyo mkuu huyo naye hafungiwi mlango. Minato, yule mwanafunzi, anamfuata katika chumba cha muziki, anakiri kwake kwamba alisema uongo juu ya mwalimu. Mkuu anamwambia kwamba naye ni mwongo. Kisha anamfundisha kupuliza ala, wanapuliza wote wawili, sauti nzito zisizo na wimbo. Sauti hizo tulikwisha kuzisikia mapema katika filamu bila kujua zinatoka wapi: ndizo zilizomfanya Hori asite akiwa juu ya paa, akitaka kujitupa. Watu wawili waliomwangamiza wamemwokoa bila kujua. Wala hilo haliwafutii deni lao kwake, na filamu haijidai kulifuta.

Sisi na hadithi hizi

Ndugu zangu, hadithi hizi ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mother ilitengenezwa upya Uturuki mwaka 2016 kwa jina la Anne, na Woman ikawa Kadın mwaka 2017. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimekuwa sehemu ya jioni zetu, na wengi wanaozipenda hawajui kwamba baadhi ya visa vya televisheni ya Uturuki vilizaliwa Tokyo, kwenye meza ya mwandishi mmoja. Mama anayekimbia na mtoto asiye wake alieleweka Istanbul kwa sababu kila jamii ina mtoto wa namna hiyo.

Kwa waandishi wa tamthilia walio humu ukumbini nina ombi. Mhusika wenu akipata bahati ya kuanza upya, msiiache bahati hiyo idondoke kutoka kwa tajiri aliyetokea ghafla au urithi uliofichuliwa kipindi cha mwisho. Mtafuteni aliyemfungulia mlango. Mpeni jina, mpeni kazi, onyesheni alichokikosa mwezi ule kwa sababu ya kumsaidia mwenzake. Shangazi aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake akaahirisha kuolewa ni mhusika mkuu, ingawa tumemzoea kuwa mpita njia.

Na kwetu sote watazamaji, nasema hivi. Kila mmoja wetu aliyewahi kuanguka akasimama alishikwa mkono na mtu, na mkono huo ulitoka kwenye shughuli nyingine. Deni la namna hiyo mara nyingi haliwezi kulipwa kwa aliyelitoa. Amekwisha kufa kama Shunsaku, au yuko mbali. Linalipwa kwa anayefuata. Tena linalipwa kwa kuzidai ofisi zetu, mahakama zetu na shule zetu zibebe sehemu yao, ili wema usibaki kuwa kodi wanayotozwa maskini peke yao. Tamthilia haiwezi kutulipia deni hilo. Inaweza kutusomea hesabu, mbele za watu, kwa sauti ambayo hatuwezi kujifanya hatukuisikia.